KUTANGAZA KAZI YA KUOSHA MAGARI KATIKA MTANDAO: MALI MPYA YA CHAMA

Tangu Daraja la John Pombe Magufuli lilipofunguliwa rasmi tarehe 19 Juni, 2025, magari yatokayo Bukoba, Geita na Sengerema hayangoji tena kivuko ili kufika Kigongo. Yanavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache, yanafika Usagara, kisha yanaingia mjini au yanashika njia ya Shinyanga. Kwa msafiri jambo hili ni neema. Kwa mtu aliyezoea kuuza bidhaa au kazi ya mikono yake kwa dereva aliyekwama katika foleni, biashara imegeuka. Dereva aliyesimama humwona mwosha gari kwa macho yake mwenyewe. Dereva anayepita kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa hana budi awe amepata habari zake kabla hajamfikia.

Hali hiyo inavihusu pia vyama na vikundi vya vijana vinavyoosha magari mjini, kando ya Barabara ya Nyerere kuanzia Mabatini hadi Igoma, na kando ya Barabara ya Kenyatta kuanzia Mkuyuni hadi Buhongwa. Kwa muda mrefu tangazo lao lilikuwa kipande cha bati kilichoandikwa kwa rangi na kuegemezwa kwenye mti. Bati hilo lingali na kazi yake na halifai kuondolewa. Lakini madereva wengi siku hizi huuliza simu kabla ya kuuliza mtu, na chama kisichoonekana katika simu ni kama hakipo barabarani.

Wanachama wengine huogopa wakidhani kwamba tangazo la mtandao lahitaji fedha nyingi au fundi wa kompyuta. Hofu hiyo haina msingi. Kampuni ya Google huruhusu kila biashara yenye mahali pake pa kazi kuandikishwa katika ramani yake bila malipo. Kabla ya kuikubali, kampuni hutaka uthibitisho, na mara nyingi njia inayotumika ni picha ya video inayoonyesha mahali penyewe, kibao chenye jina la biashara na vyombo vya kazi. Tangu hapo, dereva anayeandika «car wash Nyegezi» katika simu yake ataonyeshwa vituo vilivyo karibu. Maneno hayo ya Kiingereza ndiyo yanayoandikwa na wateja wengi, hata wale wanaozungumza Kisukuma nyumbani. Kwa hiyo yafaa yaonekane katika maelezo ya kituo pamoja na yale ya Kiswahili.

Google yenyewe imeeleza kwamba katika kupanga majibu hutazama mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichoulizwa, umbali wake na anayeuliza, na kiasi inavyojulikana. Hilo la pili lina manufaa kwa chama kidogo. Kituo kikubwa cha upande wa pili wa mji, hata kikiwa na mashine za fahari, hakiwezi kulisogeza jengo lake karibu na dereva aliyesimama Buzuruga.

Ila ukaribu huo una faida ikiwa tu alama ya ramani imewekwa mahali pake hasa. Mwanza ni mji wa vilima na majabali, na alama ikikosewa kwa mita 200 tu inaweza kumpeleka dereva katika njia ya mlimani isiyo na pa kugeuzia Noah. Saa za kazi nazo ziandikwe za kweli. Kituo kinachosema kinafungua saa 12 asubuhi, kumbe mwenye ufunguo wa pampu hufika saa 2, kitapata wateja wa siku moja tu.

Bei pia iandikwe. Hapa ubishi ni mwingi, kwa kuwa waosha magari wamezoea kutaja bei kwa kumtazama mteja na gari lake. Wazee wa ushirika katika Kanda ya Ziwa wanaelewa vizuri ubaya wa desturi hiyo. Vyama vya pamba vya Usukuma, vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, vilipata nguvu kutokana na malalamiko ya wakulima juu ya mizani za wafanyabiashara: mkulima alipeleka pamba yake bila ya kuwa na hakika atahesabiwa nini. Dereva asiyejua bei mpaka gari lake limelowa maji yuko katika hali ile ile. Tuseme chama kimepanga shilingi 5,000 kwa gari dogo na 10,000 kwa Hiace. Bei hizo ziandikwe katika ramani, katika WhatsApp na kwenye bati, na zisitofautiane hata kidogo. Anayetaka kupatana atapatana, lakini ataanzia mahali panapojulikana.

Kuhusu picha, lipo jambo zito zaidi. Picha inayowapendeza vijana wengi ni ile ya gari likiwa limeingiza magurudumu ziwani, maji yakimeta na majabali nyuma yake. Picha hiyo isitumike kamwe, na kazi inayoonyeshwa humo isifanywe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Chama kinachobandika picha ya namna hiyo kimejiandikia ushahidi chenyewe, tena kikaweka jina lake na namba yake ya simu chini yake.

Wala si sheria peke yake. Ng'ambo ya ziwa, mjini Kisumu, waosha magari waliozoea kusimama majini walifuatiliwa na watafiti kwa miaka, na matokeo yalitolewa mwaka 2002 katika jarida la utabibu The Lancet. Watu hao walitibiwa kichocho cha tumbo, wakarudi kazini majini, na wengi wao wakaambukizwa tena. Baadhi tu, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walionekana kupata kinga. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka kwa konokono wa ziwani na kupenya ngozi ya anayeingia majini. Hakuna mteja wa kutosha kulipia hasara hiyo. Chama kinachotumia maji ya bomba au ya tangi, kikiwa na shimo la kunasa mafuta na tope kabla maji machafu hayajafika mtaroni, kina jambo la kujivunia. Na hilo ndilo la kupiga picha.

Gari la mteja lisipigwe picha bila ridhaa yake, na namba za gari zifunikwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa za watu zishughulikiwe kwa uangalifu. Tena, si kila mtu apendaye ijulikane gari lake lilikuwa wapi siku ya Jumamosi.

Sasa yafuata suala ambalo vyama vingi havilifikirii mpaka madhara yametokea. Mfano wa kawaida ni huu. Katika kikundi yupo kijana mmoja mwepesi wa simu. Anafungua ukurasa kwa laini yake, kwa barua pepe yake na kwa neno la siri alijualo peke yake. Anafanya kazi nzuri, na wateja wanaongezeka. Baada ya miaka miwili anapata kazi Geita, anaondoka salama kwa mkono wa kwaheri. Wateja wanaendelea kumpigia yeye. Pengine anawaelekeza kwa rafiki yake, pengine hapokei kabisa. Hakuna aliyeiba kitu. Ila chama kimepoteza wateja wa miaka miwili, na katika daftari la mali hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba kilikuwa na kitu cha kupotea.

Namba ya simu inayojulikana na wateja ni mali ya chama sawasawa na mhuri, stakabadhi na pampu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini mwaka 2019, na taasisi iliyosajiliwa kisheria yaweza kusajili laini kwa jina lake. Basi laini ya kazi isajiliwe kwa jina la chama. Katika Google, anwani ya barua pepe ya chama ndiyo iwe mmiliki, na kijana anayeendesha ukurasa apewe cheo cha meneja, ambacho chaweza kuondolewa siku anapoacha kazi. WhatsApp ya biashara hufungamana na namba yenyewe; anayeshika laini ndiye anayeshika kila kitu. Iwekewe namba ya siri ya pili, iandikwe katika karatasi, itiwe katika bahasha yenye lakiri na kuhifadhiwa pamoja na nyaraka za chama. Namba ya kupokea malipo nayo iwe ya chama, wala isiwe ya mwekahazina binafsi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Wanaoshika simu hiyo waelezwe hadaa inayofahamika: mtu hupiga akijifanya mtumishi wa kampuni, akaomba tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe. Tarakimu hizo ni ufunguo wa ukurasa. Hapewi mtu yeyote.

Maoni ya wateja yajibiwe, yale ya lawama kwanza, kwa lugha ya adabu na bila kubishana. Google inakataza kununua maoni, hata kwa kumpunguzia mteja bei ili aandike sifa. Kumwomba aandike alichokiona kunaruhusiwa, na kunatosha.

Hatimaye katibu aongeze safu moja katika daftari la mapato ya kila siku, yenye swali «Umetujuaje?». Mteja aliyeona bati aandikwe B, aliyeletwa na rafiki aandikwe R, aliyetoka katika simu aandikwe S. Baada ya miezi mitatu herufi hizo zihesabiwe na kulinganishwa na fedha iliyotumika kununua vifurushi vya intaneti. Hesabu hiyo isomwe katika mkutano wa wanachama pamoja na taarifa ya mali, ambamo laini, anwani ya barua pepe na ukurasa vitakuwa vimeorodheshwa, kila kimoja na jina la anayekishika na tarehe aliyokabidhiwa.