Mwaka 2020 kafyu ilitufungia keja, ila raha ndogo ndizo zilitubeba

Machi 2020 ulidhani utaichoka nyumba yako kwa siku tatu. Miezi miwili baadaye ulijua ni kona ipi ya dari huvuja mvua ikizidi, jirani wa juu huburuta kiti saa ngapi, na maji ya bomba hufunguliwa siku gani. Ulijua hata mtoto wa nyumba ya tatu analia kwa njaa au kwa deko. Hukuomba kujua haya yote. Korona ilikufundisha bila karo.

Machi 13, 2020, aliyekuwa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza kisa cha kwanza nchini, ilikuwa Ijumaa na wengi wetu tulikuwa tunapanga wikendi. Siku mbili baadaye Rais akatangaza shule zifungwe. Machi 27 ikaja kafyu, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi ikawekewa mpaka: hutoki, huingii. Mathe alikuwa ocha, wewe ulikuwa hapa, na katikati mliwekewa kizuizi cha polisi.

Sitakueleza vile virusi vinaenea. Hiyo kazi ilifanywa kwenye televisheni kila siku, na kama bado hunawi mikono, makala haya hayatakuokoa. Mimi nataka tuongee kuhusu vitu vidogo. Vile vitu huwezi kumwambia mwanahabari akikuuliza unaishije, kwa sababu vinaonekana vya upuzi, lakini bila hivyo ungekuwa umeshaanza kuongea na sufuria.

Mutura ya saa tisa mchana

Uliona vile mtaa ulibadilisha saa? Kabla ya hapo jiko la mutura lilikuwa linawashwa jua likizama, watu wakitoka kazini. Wakati wa kafyu msee wa mutura aliwasha saa nane, na kufikia saa tisa mchana kulikuwa na foleni, kila mtu mita moja kutoka kwa mwenzake, barakoa zimeshushwa kidevuni tayari kwa kuonja. Smokie, mayai boilo, mahindi choma, vyote vilihamia mchana. Mama mboga alikatakata sukuma kuanzia saa sita, na ilipofika saa kumi na mbili alikunja gunia lake.

Mchuuzi aliyekuwa anategemea umati wa jioni alilazimika kumfuata mteja kwenye saa zake mpya. Na mteja naye, aliyekuwa anakula akikimbia, akawa anasimama. Anauliza hali. Anaongezewa kachumbari. Sh20 ilikununulia mutura na dakika kumi za kusikia sauti ya binadamu ambayo haitoki kwa simu. Kwa mtu anayeishi peke yake kwenye bedsita, hiyo ilikuwa bei nzuri sana.

Saa kumi na mbili na nusu ndipo ungeona Nairobi halisi. Matatu ya abiria 14 ilibeba wanane, nauli ilikuwa imepanda, na stejini kulikuwa na mtungi wa maji na sabuni ambao makanga aliulinda kama kaunta ya benki. Watu walitembea kwa mwendo ambao si wa kukimbia na si wa kutembea. Kisha saa moja ilifika, na ghafla ukasikia mbwa wa mtaa wa pili wakibweka. Ulikuwa unajua wapo?

Paa limekuwa uwanja

Kama unaishi ploti ya ghorofa, paa ni la kamba za nguo. Ama lilikuwa. Wakati wa kafyu jioni kulikuwa na wasichana wanaruka kamba, kulikuwa na jamaa ananyanyua mitungi miwili ya maji akidai hiyo ni gym, na kulikuwa na wazee wawili wanacheza drafti kwa visoda, vya soda upande mmoja na vya bia upande mwingine. Mtu uliyempita kwenye ngazi kwa miaka miwili sasa ulijua jina lake, timu yake na kwamba alikuwa anafanya kazi hotelini hadi Machi.

Upepo wa paani ni bure. Ulipotazama chini uliona barabara tupu ambayo haikuwahi kuwa tupu, na kwa dakika chache ulihisi kama mji umepumua.

Lakini tusidanganyane. Usiku wa Machi 30, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu. Hakuwa barabarani. Alikuwa kwao. Na siku kafyu ilipoanza, watu waliokuwa wanakimbilia kuvuka feri ya Likoni kufika nyumbani walilipuliwa vitoa machozi, wakabanana zaidi kuliko vile korona ingependa. Kwa hivyo mama alipokuita ushuke paani saa moja kamili, hukupaswa kumwambia ana wasiwasi mwingi. Ilibidi ushuke.

Sh50 ya chai

Kuanzia katikati ya Machi 2020, kutuma pesa kwa M-Pesa hadi Sh1,000 kulikuwa bure kwa muda. Serikali na Safaricom walitaka tupunguze kushika noti. Vijana wakaipokea kwa njia yao.

Wakati huo ungeweza kutumiwa Sh50 saa nne asubuhi na mtu mliyesoma naye shule ya msingi, halafu ujumbe unafuata: "Ya chai na mandazi. Usinunue bando." Nawe ulipopata kakitu kesho kutwa, ulimrudishia Sh70. Hakuna aliyetajirika hapo. Pesa ilikuwa ile ile ikizunguka kati ya watu wale wale waliosota. Ila kila ilipolia, simu ilikuambia kuna mtu amekukumbuka. Kabla ya korona ungeona aibu kumtumia mtu Sh50. Hiyo aibu ilikufa, na sioni sababu ya kuifufua.

Mathe wangu ocha naye alijifunza. Mimi ndiye niliyepaswa kumtumia, lakini wiki moja yeye ndiye aliyenitumia Sh200 na kuniuliza kama Nairobi bado kuna unga. Usicheke. Najua wako alifanya hivyo pia.

Muvi, krispi na mpira wa Belarus

Aprili 3, msimu wa nne wa *Money Heist* ulitoka. Wenye Netflix waliuona usiku huo huo. Sisi wengine tulienda na flashi kwa jamaa wa duka la muvi mtaani, akatujazia, tukarudi. Kesho yake ploti nzima ilikuwa na siri moja na sheria moja: usimwambie mtu kilichofanyika kabla hajamaliza. Hakuna amri ya serikali iliyoheshimiwa hivyo mwaka huo.

Halafu kulikuwa na Elsa Majimbo. Msichana wa Kenya, simu mkononi, miwani midogo, anatafuna krispi na kucheka vile anafurahi kutotembelewa na mtu. Dunia nzima ilianza kumcheka naye. Tulimpenda kwa sababu hakuwa na studio wala taa. Alikuwa na kile tulichokuwa nacho sote: kitanda, mto na muda.

Na wapenzi wa mpira, poleni. Ligi ya Uingereza ilisimama, ya Uhispania ikasimama, karibu kila kitu kikasimama, Belarus ikaendelea. Ghafla vijana wa Umoja na Githurai wakawa wataalamu wa timu za Minsk, wanajua nani ameumia goti. Jumamosi ya Mei 16 Bundesliga iliporudi, Dortmund wakaipiga Schalke 4-0 kwenye uwanja usio na mashabiki, na kelele za bao la Haaland zikasikika kutoka madirisha ya ploti badala ya baa. Uwanja wao ulikuwa kimya. Sisi tuliwapigia makofi kutoka huku.

Sahani hairudi tupu

Jikoni ndiko tulibadilika zaidi. Watu waliokuwa wakichemsha maji tu walianza kupima unga. Kama huna oveni, na wengi wetu hatuna, keki ya sufuria inawezekana: tandaza mchanga safi mkavu kwenye sufuria kubwa, iweke kwenye moto mdogo ishike joto, kisha ingiza ndani yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko wako na ufunike vizuri. Mchanga unasambaza joto polepole ili chini isiungue. Ukitumia jiko la makaa, weka makaa machache juu ya kifuniko pia ili keki iive juu. Usifunue kila dakika tano kuangalia. Keki ni kama mapenzi mapya, ukiisumbua inaanguka.

Onyo moja la kweli: makaa yapikie nje. Mvua na baridi humfanya mtu atamani kuingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inakulaza na huamki. Tusiepuke korona ili tuuawe na jiko.

Ulikuwa pia mwezi wa Ramadhani, na misikiti ilikuwa imefungwa kama makanisa. Taraweh ilisaliwa nyumbani. Eastleigh ilifungiwa Mei 6, na wako waliofuturu huko mbali na ndugu zao waliokuwa mtaa wa pili tu. Kwenye ploti yetu, jirani wa mlango wa kushoto alikuwa akituma kaimati kabla ya magharibi, sahani imefunikwa na kitambaa. Kwa desturi sahani ya jirani hairudi tupu. Jumanne ilirudi na chapati mbili. Alhamisi ikarudi na ndizi. Mwishowe sahani hiyo ilifika nyumba tano na hakuna aliyekumbuka vizuri ilikuwa ya nani.

Raha hailipi kodi

Mpaka hapa unaweza kudhani nakuambia maisha yalikuwa matamu. La. Mwaka 2020 serikali ilishusha VAT kwa muda kutoka asilimia 16 hadi 14, na aliyelipwa hadi Sh24,000 kwa mwezi hakukatwa PAYE. Vizuri. Lakini wewe na mimi hatukuwa na payslip. Niliacha chuo karo iliposhindikana, nikawa naishi kwa vijikazi vya hafla, kuandika na kupiga picha. Hafla zilipopigwa marufuku, kazi iliisha siku hiyo hiyo, bila barua. Keteka naye hakujua virusi, alijua tarehe tano.

Ndiyo maana sikuweza kuvumilia mtu aliyetuambia vijana tutumie karantini "kujiendeleza", tusome vitabu kumi, tujifunze lugha ya tatu. Kama uliweza, hongera. Kama uliamka, ukaoga, ukapika na hukumtusi mtu, ulifanya kazi. Kuwa na hofu ya kodi huku unacheka video ya krispi hakukuwa kukosa akili. Ilikuwa namna ya kuhakikisha kesho ukiitwa kazini ungekuwa bado mzima kichwani.

Na kuna wale ambao nyumba si mahali pa raha kabisa. Kulikuwa na msichana ambaye saa moja usiku ilipofika alifungiwa na mtu anayempiga. Kwake, ukimya wa mtaa haukuwa utulivu. Kama ni wewe, au unasikia kupitia ukutani, nambari ya 1195 ni bure kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Kuta zetu ni nyembamba, na safari hii wembamba huo unaweza kuokoa mtu. Usiongeze sauti ya redio ili usisikie.

Kwa hivyo nina ombi dogo. Leo, kabla hujalala, chagua mtu mmoja ambaye hajasema neno kwenye kundi la WhatsApp tangu wiki jana. Si yule anayetuma vichekesho, yuko sawa huyo. Ni yule aliyenyamaza. Mpigie, usimwandikie. Ukiwa na Sh50, mtumie ya chai. Ukiwa huna, mwambie huna, mcheke pamoja. Kama yuko ploti yenu, mgongee mlango, umuulize amekula nini.

 Wakati huo hakuna aliyejua kafyu ingeisha lini, na aliyekuambia anajua, alikuwa anakuuzia kitu. Tunachojua ni kwamba sasa hivi inakaribia saa kumi na moja na nusu jioni, mama mboga amebakisha mafungu matatu ya sukuma, na mvua inakuja upande wa Ngong. Chukua kapu, toka. Na ukirudi, upitie kwa yule jirani.