Václav na Boleslav: Majina ya ndugu wawili yenye maana moja

MIONGONI mwa majina ya kale yanayoenziwa mno na Wacheki, na ambayo pia hupatikana kwa jirani zao Waslovakia, ni Václav. Herufi 'c' katika Kicheki hutamkwa 'ts', na alama iliyo juu ya 'a' huirefusha irabu. Hivyo basi, jina hilo husomwa takriban Vaatslav.

Jina hili limeundwa kwa maneno mawili ya Kislavoni cha kale: la kwanza lina maana ya 'zaidi' na la pili, 'slava', ni 'utukufu' au 'sifa'. Kwa hivyo, Václav ni 'mwenye utukufu zaidi'. Hapo awali jina lilikuwa na irabu ya puani ambayo ilitoweka katika Kicheki. Kilatini kiliihifadhi sauti hiyo kwa herufi 'n', ndiposa Wakristo kwingineko wakalijua kama Wenceslaus.

Aliyelipa jina hili uzito ni Václav, mtawala wa Bohemia katika karne ya 10. Alilelewa katika Ukristo na nyanyake, Ludmila. Mnamo Septemba 28, mwaka ambao wanahistoria wengi husema ni 935, aliuawa mjini Stará Boleslav na wafuasi wa nduguye, Boleslav, aliyetwaa kiti chake.

Ajabu ni kwamba jina Boleslav nalo lina maana iyo hiyo: 'bole' ni 'zaidi' na 'slav' ni 'utukufu'. Wana wa mama mmoja walitakiwa utukufu mmoja, lakini historia haikuwagawia sawa. Václav alitangazwa mtakatifu na mlinzi wa taifa, ilhali Boleslav alibandikwa lakabu ya Mkatili, ingawa ndiye aliyeipanua na kuiimarisha dola hiyo.

Uwanja mashuhuri wa Prague unaitwa kwa jina la Václav. Hapo ndipo umati ulipokusanyika Novemba 1989 kuupinga utawala wa kikomunisti. Mwezi uliofuata, Václav Havel akawa rais. Alipoondoka mwaka wa 2003, mrithi wake alikuwa Václav Klaus.

Hadi leo, Septemba 28 ni sikukuu ya kitaifa katika Jamhuri ya Czech, na kila aitwaye Václav hupongezwa siku hiyo. Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Kisa cha ndugu hawa chaonyesha kwamba wema huo hautokani na maana ya jina pekee, bali na matendo ya mwenye kuitwa.