Nusu Omu

Kwenye droo yangu kuna plagi ya pini tatu iliyoungua. Upande mmoja plastiki imelainika ikabonyea, na pini imegeuka rangi ya kahawa. Ilikuwa ya birika la umeme la kuchemshia maji ya chai. Harufu ilitangulia, moshi ukafuata, nami nikakimbilia meinswichi, ambayo muda wote huo ilikuwa imetulia kana kwamba nyumba ni salama.

Fundi aliigeuza plagi mkononi mara moja tu. "Umeme umezidi, kaka. Siku hizi unakuja mwingi."

Nilimlipa na kumshukuru, ila jibu halikuniingia. Kama umeme ulizidi, mbona taa ni nzima, friji ni zima, na birika lenyewe linachemsha mpaka leo? Kilichoungua kilikuwa sehemu isiyozidi punje ya karanga. Ilibidi nirudi kwenye fizikia ya sekondari, na huko nikawakuta watu wawili ambao hawakuwa maprofesa walipoyagundua haya: mwalimu wa shule, na mtoto wa mtengenezaji wa bia.

Mwalimu ni Georg Simon Ohm, aliyezaliwa Erlangen, Ujerumani, baba yake akiwa fundi wa makufuli. Alikuwa akifundisha Cologne. Betri zilikuwepo tayari, nyaya zilikuwepo, na ilijulikana kwamba waya mrefu hupitisha umeme kwa shida kuliko mfupi. Kwa shida kiasi gani? Hapo ndipo mambo yalipokwama, maana betri za enzi hizo zilichoka katikati ya kazi, na kipimo cha kwanza hakikulingana na cha pili. Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, akamshauri aachane nazo, aunganishe shaba na bismathi, kiungo kimoja akiweke kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Umeme unaozaliwa hapo ni mdogo mno, lakini hauyumbi. Akachukua vipande 8 vya waya wa shaba, unene mmoja, urefu tofauti, akapima mkondo kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa. Mimi humpenda Ohm kwa sababu ya barafu ile kuliko kwa sababu ya kanuni yake.

Kanuni yenyewe aliitolea kitabu mwaka 1827, nayo ni fupi: gawanya volti kwa ukinzani, ndiyo ile shida ya waya kupitisha umeme, utapata mkondo. Kitabu kilipokewa kwa ubaridi, naye akaacha kazi yake Cologne. Royal Society ya London ilimpa nishani mwaka 1841, na mwaka 1881, yeye akiwa ameshafariki, mkutano wa Paris ukaamua kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake. Ndiyo omu tunayoisema.

Sasa lirudie lile neno la fundi, kwamba umeme unakuja mwingi. Kinacholetwa hadi ukutani kwako ni volti, yaani msukumo, takriban 230. Mkondo hauletwi, huvutwa na kifaa, kwa kadiri ukinzani wake unavyouruhusu. Birika la wati 2,000 lina ukinzani wa omu 26 hivi, kwa hiyo linavuta ampea 8.7. Chaja ya simu ya wati 10 inavuta kama sehemu moja ya 200 ya hapo. Ukuta ni uleule, soketi ni ileile. Na kama volti zingekuwa zimepanda kweli, zisingechagua plagi moja. Kila kilichowashwa kingeonja.

Yule mtoto wa mtengenezaji wa bia ni James Prescott Joule, wa Salford, Uingereza. Mwaka 1840 alikuwa akizamisha koili ya waya ndani ya maji, akiupitisha umeme na kusoma kipimajoto. Aliona kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Mkondo mara tatu, joto mara tisa. Hii ndiyo sababu umeme wa Bwawa la Julius Nyerere husafirishwa hadi Chalinze kwa volti 400,000: pandisha volti mara kumi, mkondo unashuka mara kumi, na joto linalopotea njiani linashuka mara mia.

Jikoni kwangu hesabu ilikwenda upande mwingine. Mkondo wa birika hauna njia ya mkato. Unapita kwenye meinswichi, waya wa ukutani, vishikio vya ndani ya soketi, pini ya plagi, waya wa birika, koili, kisha unarudi. Kila mahali ni ampea zilezile 8.7, na joto hujitokeza zaidi pale penye ukinzani mkubwa zaidi. Birika limeundwa ili pahali hapo pawe kwenye koili, chini ya maji.

Lakini vishikio vya soketi yangu vilikuwa vimelegea, na aliyevilegeza ni mimi. Kwa miezi nilikuwa nafungua tundu la juu kwa mfuniko wa kalamu ili nisukumie chaja ya pini mbili, pini za mviringo ndani ya matundu ya mstatili. Metali mbili zikigusana kwa ulegevu, hugusana kwa ncha chache tu, na kwenye ncha hizo hufanyika ukoko usiopitisha umeme vizuri. Tuseme pakazuka ukinzani wa nusu omu. Kwa chaja ya simu, nusu omu huzaa joto la takriban sehemu moja ya elfu ya wati. Soketi ingeweza kuichaji simu mwaka mzima bila kulalamika. Kwa birika, mkondo mara 200 ni joto mara 40,000: wati 38. Hiyo ni kama solda ya fundi redio, imechomekwa kwenye plastiki na kuachwa. Joto likavilegeza vishikio zaidi, ukinzani ukapanda, joto likaongezeka.

Na meinswichi? Nilikuwa nimeilaumu bure. Sakiti breka yake hushuka mkondo unapopita kiasi. Nusu omu ikiongezwa kwenye omu 26, mkondo haupandi, unapungua kidogo. Breka ilikuwa inaona umeme wa chai, wala haikukosea.

Tangu hapo nina tabia ambayo mke wangu anaicheka. Maji yakishachemka nazima swichi, nachomoa plagi na kupapasa plastiki yake. Ya birika, kwenye soketi mpya, huwa ya baridi. Juzi nikapapasa ya pasi chumbani, kwenye soketi ambayo chaja ile iliwahi kushinda, nikaikuta ya moto.

Nimemwita fundi yuleyule. Soketi mpya iko mezani, na bisibisi nimeshaiweka karibu, tuvifungue vile vishikio tuvitazame kabla hajaniambia kwamba umeme umezidi.