Mtunza Nyimbo wa Rajasthan

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nyimbo nazo ni mali.

Katika jangwa la Rajasthan, nchini India, wako waimbaji Waislamu wa jamaa za Langa na Manganiyar. Tangu kale huimba katika arusi na uzazi wa mabwana wao, Waislamu na Wahindu, nao hupewa tunzo. Mabwana walipopungukiwa, nyimbo nazo zikawa hatarini.

Bwana Komal Kothari (1929–2004) aliliona jambo hilo. Mwaka 1960, yeye na mwandishi Vijaydan Detha walianzisha taasisi ya Rupayan Sansthan katika kijiji cha Borunda. Alizunguka vijijini akinasa nyimbo, hadithi na sauti za ala kama kamaicha, aina ya zeze lililowambwa ngozi ya mbuzi.

Lakini hakuridhika kuzifungia sauti kabatini. Aliwapeleka waimbaji wenyewe mijini na ng'ambo, wakasikilizwa, wakapata ujira. Kwani mwimbaji akiacha kuimba, wimbo humfia mdomoni.

Wenzangu, nyanya yangu huimba akitwanga, nami sijui hata nusu ya wimbo wake. Likizo hii nitakwenda na daftari. Lakini kwanza nitaushika mchi.