TUSING'OE JINO KWA SABABU YA HOFU

Katika kila mahali pa kazi, ndugu msomaji, hakosekani mtu mwenye shavu lililovimba. Awe kuli wa bandarini, karani wa ofisi, dereva wa lori au mwalimu wa shule, utamwona ameshika taya kwa kiganja, anatafuna kwa upande mmoja tu, wala usiku hapati usingizi. Ukimwuliza kwa nini haendi kwa daktari wa meno, jawabu lake ni fupi: anaogopa. Huvumilia mpaka uvumilivu unamwisha, na siku anapokwenda huwa na ombi moja tu, kwamba jino ling'olewe aondokane na balaa.

Leo twataka kuzungumza na ndugu huyo, maana hofu yake haikomi hapo. Daktari akimwambia kwamba jino lake laweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi, yeye hutetemeka zaidi kuliko alipokuwa akisubiri kung'olewa. Amekwisha kusikia barazani kwamba matibabu ya mzizi ni mateso yasiyo na mfano, na kwamba daktari huchokonoa mshipa wenyewe unaouma. Sisi twasema, na sababu tutazieleza, kwamba hofu hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Maumivu anayoyaogopa ndugu yetu hayako kwenye kiti cha daktari. Amekwisha kuwa nayo kinywani mwake, na kazi ya kiti kile ni kuyaondoa.

MAUMIVU YATOKA WAPI?

Jino si jiwe. Nje limevikwa enameli, ambayo ni kitu kigumu kupita vyote vilivyomo mwilini. Chini ya enameli mna dentini, na katikati kabisa mna uwazi uliojaa kiini laini chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Kiini hicho hushuka kwa mifereji myembamba hadi kwenye ncha ya mzizi. Jino la mbele mara nyingi lina mfereji mmoja. Gego huwa na mitatu au minne.

Kwa karne nyingi watu wa mataifa mbalimbali waliamini kwamba jino bovu huliwa na mdudu, na hata leo neno hilo lasikika vinywani mwetu. Tabibu wa Kifaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake kikubwa cha utabibu wa meno kilichotoka mwaka 1728, alikataa kuwa mdudu huyo yupo. Twajua sasa kwamba waharibifu ni bakteria wasioonekana kwa macho. Hao hula sukari tunayoacha mdomoni na hutoa asidi, na asidi ndiyo inayoyeyusha enameli kidogo kidogo. Shimo likifika karibu na kiini, kiini huwaka na kuvimba. Hapa ndipo ulipo msingi wa mateso yote. Kidole kikivimba hunenepa, kwa kuwa ngozi hutanuka. Lakini kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kutanukia. Kwa hiyo chajibana chenyewe, na mwenye jino haoni usingizi.

Baada ya siku au majuma, kiini hufa. Maumivu hutulia, na mgonjwa hushukuru akidhani amepona. Hakupona hata kidogo. Bakteria wamepata nyumba isiyofikiwa na damu, nao hushuka taratibu hadi ncha ya mzizi na kuushambulia mfupa wa taya. Usaha hukusanyika huko, na siku moja shavu huvimba ghafula.

Mwaka 1965 wataalamu watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walichapisha habari za jaribio ambalo madaktari wa meno hulitaja mpaka leo. Walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Kwa panya wa kawaida viini viliharibika na kufa. Kwa panya waliolelewa mahali pasipo na kijidudu chochote, viini vilibaki hai, vikajijengea dentini mpya ya kuziba tundu. Funzo lake ni wazi: adui ni bakteria. Waondoe, uizibe njia yao, nao mfupa wa taya utajiponya wenyewe. Matibabu ya mzizi wa jino ni hayo tu.

KITI CHA DAKTARI

Watu wengi huogopa wasichokijua, basi yafaa tukieleze hatua kwa hatua.

Kwanza daktari hupiga picha ya eksirei apate kuiona mizizi na mfupa. Kisha huja sindano ya ganzi, na hii ndiyo inayoogopwa kuliko yote. Madaktari wengi hupaka ufizi dawa ya kutia ganzi kabla ya kuchoma, kisha huisukuma dawa polepole. Dawa itumiwayo sana ni lidokeini, iliyoundwa Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren. Kazi yake ni kuzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari za maumivu kwenye ubongo. Utahisi kuguswa, kusukumwa na mtetemeko wa mashine. Maumivu makali hupaswi kuyahisi.

Haifai kuwaficha wasomaji neno moja. Gego la chini lenye kiini kinachowaka moto huwa kaidi, na mara nyingine sindano ya kwanza haitoshi. Daktari alijua hilo tangu chuoni, na ana njia zake: kungoja kidogo, kuongeza dawa, au kuchoma mahali pengine. Wajibu wa mgonjwa ni kuinua mkono na kusema. Kukaza meno na kuvumilia kimya si ushujaa, bali ni kumnyima daktari habari anayoihitaji.

Ganzi ikishika, jino huzungushiwa utando mwembamba wa mpira, uliobuniwa na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864. Utando huo huzuia mate yenye bakteria yasiingie ndani ya jino, na huzuia dawa na vyombo visianguke kooni. Kisha daktari hutoboa tundu dogo juu ya jino, huondoa kiini kilichooza, na kuisafisha mifereji kwa vijitupa vyembamba kama sindano, huku akiiosha tena na tena kwa dawa ya kuua bakteria. Kazi hiyo ni ya uangalifu, nayo mara nyingi huchukua saa moja au zaidi kidogo. Pengine humalizika siku ile ile, pengine mgonjwa huambiwa arudi mara ya pili au ya tatu.

Mifereji iliyokwisha kuwa safi haiachwi wazi. Hujazwa gata-pacha, ambayo ni utomvu wa mti wa nchi za Malaya. Si kitu kigeni kwetu kama tunavyodhani, kwa kuwa utomvu huo ndio uliozifunika nyaya za simu za chini ya bahari zilizofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Kilichoweza kuzuia maji ya Bahari ya Hindi kimeaminiwa kuziba mzizi wa jino. Tena lipo jambo litakalowafurahisha ndugu zetu wa Pemba. Mafuta ya karafuu, ambayo bibi zetu waliyatia kwa pamba kwenye jino linalouma, yana kitu kiitwacho yujenoli. Kwa miaka mingi madaktari wamekichanganya na unga wa madini ya zinki wapate kizibo cha muda, na hata dawa ya kugandisha gata-pacha mfereji usivuje. Bibi hakukosea: karafuu hutuliza. Ila haiwezi kumtoa bakteria ndani ya mfereji, na hapo ndipo anapohitajika daktari.

Siku mbili tatu za kwanza jino huweza kuuma kidogo unapotafuna. Dawa za kawaida za maumivu hutosha kwa wengi. Baadaye gego huhitaji kuzibwa vizuri na, mara nyingi, kuvikwa kofia, kwa kuwa limepungua nguvu kwa kuoza na kutobolewa. Wengi huishia njiani hapa: maumivu yakiisha hawarudi, jino likapasuka kwa mfupa wa nyama, kisha wakasema matibabu ya mzizi hayana maana. Kazi haijaisha mpaka jino limefunikwa.

MANENO YA BARAZANI

Husemwa kwamba jino lililotibiwa mzizi huleta maradhi mengine mwilini. Neno hili lina historia. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia huko Montreal, Kanada, akilaumu meno yaliyotiwa viraka juu ya uchafu kuwa asili ya magonjwa mengi. Baadaye Weston Price wa Marekani aliyalaumu hasa meno yaliyotibiwa mizizi. Watu wengi waling'olewa meno yao kwa sababu hiyo, na maradhi yao hayakuondoka. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba majaribio ya Price yalikuwa na kasoro kubwa, na fundisho hilo likaachwa.

Husemwa tena kwamba vidonge vya kuua bakteria vyatosha. Havitoshi. Dawa imezwayo husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Vidonge huweza kutuliza uvimbe, lakini chanzo hubaki palepale kikingoja.

La tatu ni kwamba kung'oa ni rahisi. Siku ile ni rahisi kweli. Lakini jino likitoka, jirani zake huweza kuegemea kwenye pengo, na lile la upande wa pili likarefuka kwa kukosa mwenzake. Kutafuna huwa taabu, na jino la bandia lina gharama zake. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani juu ya meno zaidi ya 1,400,000 yaliyotibiwa mizizi ya watu wenye bima. Baada ya miaka 8, katika kila meno 100, meno 97 yalikuwa yangali vinywani mwa wenyewe. Fundi gani wa nyumba awezaye kujivunia hesabu hiyo?

Hatusemi kwamba kila jino laweza kuokolewa. Jino lililopasuka hadi ndani ya mzizi, au lililokosa mfupa wa kulishika, hung'olewa kwa haki. Tusemalo ni kwamba uamuzi huo utokane na picha na maelezo ya daktari, usitokane na hofu.

YATUPASAYO KUFANYA

Hatukatai kwamba gharama ni jambo zito. Kutibu mzizi huzidi bei ya kung'oa, wala si kila zahanati ina vyombo vyake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na wengi wao wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Hapa kwetu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari wa meno wananchi. Kwa hiyo mgonjwa aulize mapema: bei ni kiasi gani, ni safari ngapi, na bima yake yalipa sehemu gani. Na ajue kwamba shimo dogo likizibwa mapema kwa bei ndogo, mzizi hautaguswa kamwe.

Mwenye hofu amwambie daktari tangu mlangoni kwamba anaogopa. Si aibu, na daktari amewaona wengi. Wakubaliane alama ya kuinua mkono. Aeleze dawa anazotumia, na kama ana mimba, kisukari, shinikizo la damu au dawa inayomdhuru. Ale chakula chake kama kawaida, isipokuwa ameagizwa vingine, maana njaa na hofu zikikutana hulegeza mwili.

Lakini kuna dalili zisizongoja miadi. Shavu au shingo ikivimba kwa haraka, homa ikapanda, kinywa kikashindwa kufunguka, au kumeza na kupumua kukawa kwa shida, mgonjwa akimbizwe hospitali saa ile ile, iwe usiku au mchana. Usaha wa jino ukishuka shingoni huweza kuua.

Wasimamizi wa kazi nao wana sehemu yao. Mfanyakazi aombapo ruhusa ya nusu siku kwa ajili ya jino, apewe. Mtu asiyelala usiku hawezi kuendesha mashine kwa usalama mchana. Na sisi sote tuliokwisha kutibiwa tuache kutia chumvi katika masimulizi yetu mbele ya wale ambao hawajaenda.

Wazee walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Katika habari za jino methali hiyo imegeuka. Mwoga ndiye aliaye usiku kucha, na anayekwenda mapema kwa daktari ndiye atakayecheka, tena kwa meno yake mwenyewe.