Sikio la nyumbani ndilo mhariri wa kwanza wa mshairi

Majuma mawili yaliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea mswada wa diwani yake. Mashairi 63, yamepigwa chapa vizuri, vina vimepangwa na mizani imetimia. Nikamwomba anisomee moja kwa sauti. Akashtuka. "Profesa, si utajisomea tu mwenyewe?" Nikasisitiza. Alipofika ubeti wa tatu alijikwaa, akarudi nyuma, akajikwaa tena palepale. Mshororo ulikuwa na mizani 16 kamili, lakini haukutamkika. Nikamuuliza ni nani mwingine aliyewahi kuyasikia mashairi hayo. Jibu likawa: hakuna.

Kisa hicho kilinikumbusha washairi wa Uingereza wa enzi ya Malkia Victoria, yaani kati ya mwaka 1837 na 1901. Sisi huwajua kupitia vitabu vizito vya maktabani, tukadhani waliandika kwa ajili ya macho tu. La hasha! Kazi zao nyingi zilisikika sebuleni, miongoni mwa jamaa na marafiki.

Sababu za desturi hiyo si ngumu kuzieleza. Kwanza, redio na televisheni hazikuwapo. Jioni familia ilikaa karibu na moto, mmoja akisoma na wengine wakishona au kuchora. Pili, kusoma kwa sauti kulikuwa sehemu ya kawaida ya masomo shuleni. Tatu, majukwaa ya hadhara kwa kiasi kikubwa yalikuwa ya wanaume. Mwanamke mwenye kipaji alipata hadhira yake nyumbani.

Tumchukue Alfred Tennyson, aliyeteuliwa kuwa mshairi rasmi wa ufalme mwaka 1850. Mwaka 1855 alichapisha shairi refu liitwalo Maud. Anayesema humo ni kijana mwenye akili iliyovurugika, na wahakiki wengi walilishambulia. Tennyson alifanya nini? Alilisoma mbele ya watu, akiamini kwamba atakayelisikia kwa sauti yake atalielewa. Septemba mwaka huohuo alilisoma lote London, katika nyumba waliyopanga Robert Browning na mkewe Elizabeth Barrett Browning, wote wawili washairi. Dante Gabriel Rossetti, mshairi na mchoraji, alikuwapo, akamchora kwa siri akisoma. Elizabeth alieleza baadaye kwamba mgeni wao alikuwa akikatiza usomaji ili ausifu mstari wake mwenyewe! Ati anasoma, anasimama, anajipongeza, kisha anaendelea. Wenyeji hawakuudhika. Robert naye alisoma shairi lake, Fra Lippo Lippi, na kikao kikaendelea hadi usiku wa manane.

Waliomsikia Tennyson walisema hakusoma kama tusomavyo gazeti. Alighani kwa sauti nzito, akizivuta irabu. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Vituo na mishale ya alama za uandishi haviwezi kubeba mapigo yote ya shairi. Maana nyingine huwa katika kasi, katika pumzi, na mahali sauti inaposhuka. Sisi tuliolelewa na tenzi zilizoghaniwa tunalijua hilo, ingawa tumeanza kulisahau.

Hata hivyo, nisije nikaipamba mno desturi hii. Sikio la rafiki linaweza pia kudanganya. William Morris alipokuwa akitunga The Earthly Paradise, kazi ndefu iliyotoka kati ya 1868 na 1870, aliwasomea rafiki zake sehemu baada ya sehemu. Georgiana Burne-Jones, mke wa rafiki yake mchoraji, alikiri baadaye kwa aibu kwamba mara nyingi usingizi ulimchukua. Ili akae macho, aliuma vidole na kujidunga kwa pini. Jamani! Heshima ilimfanya avumilie, lakini usingizi wake ulikuwa uhakiki tosha. Mshairi makini hatazami karatasi pekee. Huwatazama pia wanaomsikiliza.

Je, faida ya kusomeana ni marekebisho tu? Nilidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka niliposoma kwa makini habari za ndugu watatu wa Haworth, huko Yorkshire: Charlotte, Emily na Anne Brontë, mabinti wa kasisi. Mwaka 1846 walichapisha diwani yao kwa majina ya bandia: Currer, Ellis na Acton Bell. Ziliuzwa nakala mbili tu mwaka wa kwanza. Lakini nyumbani kazi haikukoma. Elizabeth Gaskell, aliyeandika wasifu wa Charlotte mwaka 1857, anaeleza kuwa usiku, baada ya kushona, dada hao waliweka kazi zao kando na kutembea chumbani huku na huko wakizungumzia hadithi walizokuwa wakiandika, na mara kwa mara wakisomeana walichokwisha andika. Charlotte alimwambia Gaskell kwamba ni nadra maoni ya nduguze yalimfanya abadilishe kitu. Alichothamini ni msisimko waliopata wote.

Emily alifariki Desemba 1848, na Anne akamfuata Mei 1849. Baada ya hapo Charlotte aliendelea kutembea usiku katika chumba kilekile, peke yake.

Nakiri kwamba hapo huwa napata tabu kuendelea kusoma. Mimi nilikuwa na dada mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akinisikiliza jikoni huku akichambua mboga. Hakuwa na shahada ya fasihi. Alijua maneno mawili tu ya uhakiki: "Umenipoteza." Nikisikia hivyo, ninarudi mezani. Tangu tumzike, nimeandika makala nyingi za kitaaluma, lakini shairi sijachapisha hata moja. Sina wa kumwambia, "Hebu sikiliza hili."

Nilimsimulia mwanafunzi wangu habari hizi, nikaongeza moja ya kumtoa hofu. Aprili 1889, Robert Browning, akiwa mzee, aliombwa na marafiki akariri shairi lake mbele ya fonografu, mashine ya Edison ya kunasa sauti. Alianza kwa kishindo, kisha akasahau maneno aliyoyatunga mwenyewe. Akaomba radhi, na waliokuwapo wakamshangilia. Alifariki Desemba mwaka huo. Sauti ile, pamoja na kujikwaa kwake, ingalipo hadi leo. Ikiwa Browning alijikwaa mbele ya rafiki zake, kwa nini mwanafunzi wangu aone haya?

Siku hizi tunatunga kwenye simu na kutuma shairi kwa mhariri au kwa kundi la WhatsApp kabla halijapita kinywani. Tunahesabu silabi kwa vidole, si kwa pumzi. Kwa maoni yangu, anayetaka kuchapisha diwani na aisome yote kwa sauti mbele ya mtu anayempenda na asiyemwogopa. Sharti ni hayo mawili. Wa kwanza bila wa pili ni Georgiana na pini zake.

Juzi kijana huyo alinipigia simu. Alimsomea mama yake mashairi matano. La nne lilikuwa tanzia, na mama akacheka. "Sasa nifanyeje, Profesa?" akauliza. Nilimwambia arudi akamuulize mama alichekea neno lipi.