Ufa wa Bapa la Chenso Hauchomelewi

Swali huwa ni lile lile, liulizwe Mafinga au Eldoret: bapa la chenso limepata ufa, lichomelewe kwa vijiti gani? Fundi wa misumeno anayeijua kazi yake hujibu kwamba halichomelewi kwa kijiti chochote. Mwenye bapa hununa, akaondoka kwenda kwa mchomeleaji wa mageti, na baada ya muda si mrefu anarudi na vipande viwili mkononi akiapa kwamba limekatika ghafla na kwamba dukani aliuziwa feki.

Feki zipo sokoni, hilo halina ubishi. Lakini bapa halisi nalo hupasuka, na mara nyingi halikatiki ghafla hata kidogo. Kipande kipelekwe juani na uso wa mvunjiko utazamwe vizuri. Kwa kawaida utaonekana una sehemu mbili. Moja imekolea weusi, imelainika, imeingiwa na oili ya cheni na unga wa mbao. Ya pili ni ya kijivu, inang'aa, ina chembechembe kama sukari. Ile nyeusi ni ufa wa zamani, ulioanzia kwenye ukingo au kwenye tundu karibu na nati na kutambaa taratibu kwa siku nyingi za kazi. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika leo. Oili haiwezi kupenya katika chuma ambacho bado ni kizima, kwa hiyo mwenye bapa alikuwa akifanya kazi na ufa pasipo kujua, au akiuona na kuuacha.

Sasa huko kuchomelea. Mwili wa bapa umetengenezwa ili upinde kidogo na kurudi, ilhali kingo mbili ambazo cheni huteleza juu yake zimepashwa moto na kupozwa haraka kiwandani ili ziwe ngumu kuliko mwili. Ugumu huo ni wa milimita chache tu kutoka ukingoni. Mchomeleaji anapowasha moto wake, chuma kinayeyuka, yaani kinapita nyuzi 1,400 za Selsiasi. Sehemu iliyo kando ya mshono hushika moto mkali, kisha hupoa kwa muda mfupi sana kwa sababu chuma baridi kilichoizunguka hufyonza joto lote. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipoa hivyo hugeuka kigumu na kikavu: hakipindi tena, kinakatika. Mbele kidogo ya hapo, kingo zilizopata joto la wastani hulainika na kupoteza ugumu wake wa kiwandani. Bapa linatoka kwa mchomeleaji likiwa na ukanda unaovunjika upesi, na kando yake ukanda unaolika upesi. Ufa mpya hutokea pembeni mwa mshono, si juu yake, ndiyo maana mchomeleaji husema kwa uhakika kwamba mshono wake haujaachia.

Wapo wanaosisitiza kwamba kijiti cha bei kubwa, au gesi na shaba, humaliza tatizo. Haviwezi. Bapa likipashwa moto kwanza na kupozwa polepole ili lisikauke, ugumu wa kingo ndio unaopotea; ugumu wa kingo ukilindwa, ukavu kando ya mshono unabaki na ufa unarudi. Tena kuna mfereji ambamo cheni hupita, ambao upana wake kwa chenso nyingi ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Tone moja la chuma likiangukia humo, au bapa likijikunja kwa joto hata kidogo, cheni inakwama. Grainda ikipitishwa kusawazisha, inapunguza unene mahali pale pale palipo dhaifu. Na mabapa mengi ya chenso ndogo ni mabamba matatu yaliyounganishwa kwa nukta za moto, kwa hiyo anayeziba ufa wa bamba la nje hajui kilichotokea kwenye lile la katikati.

Hoja kwamba majembe na springi za magari huchomelewa na yanadumu haina uzito hapa. Cheni ya inchi 3/8 kwenye gia ya meno 7, injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, hukimbia zaidi ya mita 21 kila sekunde, kasi inayopita kilomita 75 kwa saa. Kipande cha ukingo kikichomoka katika mwendo huo, cheni inaacha njia na kurudi upande wa mkono wa kulia wa mwendeshaji. Kuna watu wanaokubali kuhatarisha vidole ili kuokoa bei ya bapa moja, na mafundi wanaowasaidia kufanya hivyo wanastahili lawama.

Kinachopasua bapa kwa kawaida ni kubanwa. Mkaratusi hukua ukiwa na mkazo mkubwa ndani ya shina. Ukikatwa, mkazo unaachia na mkato unafumba huku bapa likiwa ndani. Mwendeshaji anashika mashine kwa mikono yote miwili na kuitikisa kushoto na kulia. Hapo ndipo ufa unapozaliwa. Wapasua mbao, kuanzia Njombe hadi Ituri, hutumia mabapa marefu, na urefu huzidisha nguvu ya kupinda: msukumo ule ule ukiwa puani, bapa la inchi 30 huelemewa kwenye shina lake, penye nati, karibu mara mbili ya lile la inchi 16. Cheni iliyonolewa zaidi upande mmoja huvuta mkato ukapinda, na mwendeshaji akilazimisha unyooke, kingo zinalika upande mmoja. Cheni iliyolegea hugongagonga ukingo nyuma tu ya pua hadi ukamomonyoka. Nati zikilegea, ufa huanzia shinani. Oili chafu ya injini ina vumbi la chuma na haing'ang'anii kwenye cheni, kwa hiyo kingo hupata moto. Zikigeuka bluu, joto limefika karibu nyuzi 300.

Yanayofaa kufanywa ni haya. Bapa likibanwa, injini izimwe, mkato ufunguliwe kwa kabari ya plastiki au ya mti, si ya chuma. Ikishindikana, nati zifunguliwe, mashine itolewe, bapa na cheni vibaki ndani mpaka gogo ligeuzwe au likatwe kwa msumeno mwingine. Gogo lililoegemea ncha zote mbili likatwe kwanza juu kidogo, kisha chini. Lililoegemea ncha moja, kinyume chake. Kila cheni inapobadilishwa, bapa ligeuzwe, mfereji na tundu la oili visafishwe, ndevu za chuma kingoni zisawazishwe kwa tupa. Rula iegemezwe ubavuni iguse jino la cheni: pakiwa na upenyo kati ya rula na bapa, kingo ziko sawa, pasipokuwepo, cheni imelala na kingo zimepanuka. Mfereji wa cheni ya 3/8 au 0.325 ukipungua chini ya milimita 6 kwenda ndani, bapa limekwisha. Pua yenye ribiti hubadilishwa peke yake kwenye mabapa yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Lenye ufa likatwe vipande viwili siku hiyo hiyo, lisiachwe kwenye kona ya karakana. Anayekwenda kununua jipya achukue msumeno na cheni aende navyo dukani, kwa kuwa urefu pekee hautoshi: cheni ya milimita 1.3 ikiwekwa kwenye mfereji wa 1.6 huyumba tangu siku ya kwanza, na kingo za bapa jipya huanza kulika upande mmoja.